Kuhamia kwenye kamera ya renjifainda ukiwa Arusha au Moshi

Mpiga picha ambaye kwa miaka ametumia Zenit au Pentax K1000, na ambaye sasa ameweka akiba ya kununua renjifainda, yaani Leica M au kamera nyingine inayopokea lenzi zilezile, kwa kawaida huanza kwa kuuliza anunue modeli ipi. Kwa mkazi wa Arusha au Moshi swali hilo ni la pili. La kwanza linahusu hali ya kamera yenyewe, kwa sababu kipima-umbali chake kikihama hata kidogo, usitegemee kumpata mtaa wa pili fundi mwenye vifaa na uzoefu wa kukirudisha mahali pake. Huenda ikabidi kamera ipande ndege, ikae ughaibuni kwa miezi, kisha irudi kupitia forodha. Kwa hiyo mwongozo huu unaegemea upande mmoja tangu mwanzo: ni afadhali bodi (kamera bila lenzi) ya hadhi ya chini iliyofanyiwa matengenezo kamili hivi karibuni kuliko jina kubwa lililolala kabatini tangu miaka ya 1980.

Je, kazi zako ni za kamera hii?

Renjifainda haina kioo kinachopinduka kama SLR, yaani kamera za kutazamia kupitia lenzi kama Zenit. Unatazama kupitia dirisha lililo pembeni mwa lenzi, na katikati ya dirisha hilo kuna kiraka cheupe kinachoonyesha taswira ya pili ya kile unachokilenga; unapozungusha lenzi, taswira hizo mbili husogeleana, na zikishikana kabisa umbali umekuwa sahihi. Mlio wa shata, yaani mapazia yanayofunguka ili mwanga ufike kwenye filamu, ni mdogo, dirisha haliingii giza wakati wa kufyatua, na lenzi nyingi zinaingia katika mfuko wa koti. Kwa sababu hizo inafaa sana ibadani, harusini, kwenye kipaimara cha Kibosho au Marangu, sokoni Mbuyuni au Kilombero, na popote pale ambapo kamera kubwa huwafanya watu wakae kama wanapigwa picha za pasipoti.

Haifai kwa simba. Lenzi ndefu kuliko zote ambayo Leica M nyingi huiwekea fremu dirishani, yaani mistari inayoonyesha mipaka ya picha, ni ya milimita 135, na fremu yenyewe ni ndogo kiasi kwamba inahitaji macho mazuri na subira. Anayepata riziki yake Tarangire au Ngorongoro asiuze SLR yake ili kugharimia ndoto hii. Vilevile lenzi nyingi za mfumo wa M hazilengi kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 70, na nyingi za zamani huishia mita 1, kwa hiyo pete za maharusi zitaendelea kupigwa kwa kamera nyingine.

Kuchagua bodi

Leica M3 ilitoka mwaka 1954, na hadi leo dirisha lake ndilo linalosifiwa kuliko mengine: linakuza kwa 0.91, kiasi kwamba unaweza kuacha macho yote mawili wazi. Lakini fremu zake ni za milimita 50, 90 na 135 tu. Anayependa lenzi ya 35, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayofaa nyumba na makanisa yetu yenye nafasi finyu, atahangaika nayo. M2, iliyofuata miaka michache baadaye, ina ukuzaji wa 0.72 na fremu za 35, 50 na 90. M4 ya mwaka 1967 ilirahisisha uwekaji wa mkanda. M6 ya mwaka 1984 iliongeza kipima mwanga ndani ya bodi ileile, na ndiyo ambayo wengi huiota. Iliyotumika huuzwa kwa zaidi ya dola 2,000 za Marekani bila lenzi, na Leica ilipoanza kuitengeneza upya mwaka 2022 bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Kigezo ninachokipa uzito ni hiki: shata ifanye kazi bila betri. M3, M2, M4 na M6 zote hufanya hivyo, na betri za M6, mbili za aina ya LR44 au SR44, ni za kipima mwanga pekee na fundi saa anaweza kukuuzia. M7 ya mwaka 2002 ina shata ya kielektroniki, nayo betri ikiisha hubaki na spidi mbili tu, 1/60 na 1/125 ya sekunde. Nje ya Leica zipo Bessa zilizotengenezwa na Cosina ya Japani. R2M na R3M zina shata ya kimakanika na kipima mwanga, lakini R2A na R3A haziendi bila betri, na hali ni hiyohiyo kwa Zeiss Ikon ya Cosina. Zinafanana sana kwa sura, kwa hiyo soma herufi ya mwisho ya jina kabla hujalipa.

Mwenye bajeti ndogo ana Canon P ya mwaka 1959 au Canon 7 ya mwaka 1961, ambazo hupokea lenzi za kuskurubu za milimita 39. Mapazia ya shata zao ni ya chuma chembamba, na mara nyingi utakuta yana mikunjo. Usishtuke, maana mikunjo peke yake haizuii kazi. Zorki na FED za Kisovieti ni rahisi zaidi, lakini ziko karibu mno na Zenit unayoiacha, na kama akiba yako inatosha kwa Zorki tu, ningeshauri ungoje. Ukiipata hata hivyo, kumbuka kwamba kwenye Zorki 4 spidi hubadilishwa baada ya kuvuta mkanda, si kabla.

Uchaguzi wangu kwa mtu wa kanda hii ni M2 yenye cheti au risiti ya matengenezo ya hivi karibuni. Kipima mwanga kipo kwenye simu.

Kukagua kamera

Ukipata nafasi ya kuishika kamera kabla ya kulipa, au ikishafika na muda wa kuirudisha haujapita, fanya ukaguzi huu bila haraka na bila kuona haya mbele ya muuzaji.

Anza na kipima-umbali, kwa sababu ndicho unachokinunua. Kwa jambo hili tumebarikiwa milima. Asubuhi mapema, kabla mawingu hayajapanda, weka lenzi kwenye alama ya upeo wa mwisho (∞) na ulenge ukingo wa kilele cha Meru ukiwa Arusha, au ukingo wa theluji ya Kibo ukiwa Moshi. Taswira mbili ndani ya kiraka zinapaswa kuwa mstari mmoja mkali. Moja ikiwa pembeni ya nyingine, kipima-umbali kimehama, au lenzi haifiki upeo. Jaribu lenzi ya pili ili ujue kosa liko wapi. Kisha tafuta mstari wa mlalo, kwa mfano waya wa umeme au ukingo wa paa la bati, na uangalie kama taswira moja imekaa juu ya nyingine. Tofauti ya juu na chini haiharibu umbali moja kwa moja, lakini inachosha jicho na aghalabu ni dalili kwamba kamera iliwahi kuanguka.

Upeo wa mbali ukiwa sawa, pima karibu. Laza futi ya fundi cherehani juu ya meza, weka kamera kwenye stendi umbali wa mita 1 ikiitazama kwa mshazari, fungua lenzi hadi mwisho, linganisha taswira kwenye namba 75 na upige. Negativu ikionyesha kwamba namba iliyo kali ni 71 au 79, kamera inalenga mbele au nyuma ya pale unapoamini, na kila uso utakaoupiga kwa tundu la f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa) utakuwa na masikio makali na macho yenye ukungu.

Angalia rangi na nguvu ya kiraka chenyewe. Kwenye kamera ya zamani kinaweza kuwa kimefifia hadi hakionekani jioni, na usafi wa nje hautakirudisha. M3 ina udhaifu wake: prizimu yake imeunganishwa kwa gundi ambayo huachia kwa uzee au kwa kishindo, na ikiachia dirisha huingia giza. Ukiona M3 yenye kona iliyobonyea, uliza maswali mengi, au achana nayo.

Baada ya hapo njoo kwenye shata. Toa lenzi, fungua mgongo, elekeza kamera dirishani na ufyatue kila spidi kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000. Spidi za polepole husikika: sekunde 1 inapaswa kuwa na mlio wa gurudumu usiokwama katikati, na ukiurekodi kwa simu utaweza kupima kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Spidi za juu huonekana: kwenye 1/1000 utaona mwanga wa kufumba na kufumbua, na ukiwa umefifia upande mmoja wa dirisha la filamu, mapazia hayaendi sambamba. Mwishowe ingia chumba chenye giza, weka tochi ya simu upande wa lenzi na uchungulie kutoka nyuma. Mapazia ya Leica nyingi ni ya kitambaa kilichopakwa mpira, na kila nukta ya mwanga unayoiona hapo itakuwa doa jeupe kwenye kila picha utakayoichapa.

Kwa upande wa lenzi, mulika tochi kutoka nyuma huku umefungua tundu lote. Nyuzi kama za buibui ni kuvu, na ukungu wa mafuta ni jambo jingine linaloweza kusafishwa. Vumbi kidogo halina madhara. Lenzi iliyokaa Tanga au Dar es Salaam ichunguzwe mara mbili.

Kuinunua na kuifikisha

Kamera za aina hii nyingi utaziona mtandaoni, na wauzaji wengi wako Japani. Zisome sifa zao kwa makini: wapo wanaopamba kila kamera kwa alama za kujumlisha hata zikafika tano, na kuvu imetajwa katika mstari wa mwisho. Dai picha za namba ya bodi, picha ya lenzi ikimulikwa tochi, na video ya spidi za polepole. Muuzaji asiyetaka kupiga video ya sekunde kumi anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kama una ndugu Ujerumani au Uingereza anayekuja likizo ya Desemba, wakati Wachaga wanarudi nyumbani, au mgeni wa kampuni yako ya utalii ambaye mmeshajuana, kamera ikisafiri naye kwenye mzigo wa mkononi itakuwa salama kuliko ndani ya kifurushi. Vyovyote itakavyoingia, risiti ya manunuzi iwepo, na hesabu ya ushuru na kodi uifanye kabla ya kulipa, kwa sababu thamani hukadiriwa na afisa kama huna karatasi. Filamu isiwekwe kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Popote utakapopita, iwe uwanja wa ndege wa KIA au kwingineko, omba ikaguliwe kwa mkono, hasa pale penye skana mpya za CT, ambazo huunguza filamu hata kwa mpito mmoja.

Lenzi moja, na kwa nini isiwe ya f/1.4

Watu hutumia akiba iliyobaki kununua lenzi yenye tundu kubwa kuliko zote. Fanya hesabu kwanza. Hapa tuko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na jua la saa sita mchana kwa filamu ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wake kwa mwanga) linataka f/16 kwa 1/500. Leica hizi za filamu huishia 1/1000, maana yake kikomo chako kwenye jua kali ni f/11. Hata ukiweka filamu ya ISO 100, 1/1000 inakufikisha f/5.6 tu. Tundu la f/1.4 ulilolilipia litafanya kazi jioni na ndani ya nyumba, basi. Lenzi ya Voigtländer Color-Skopar ya milimita 35, f/2.5, ni ndogo, inagharimu sehemu ndogo ya bei ya Summicron, lenzi ya Leica yenyewe, na tofauti iliyobaki inanunua mikanda ya mwaka mzima. Anayetaka milimita 50 kwa bei nafuu anaweza kuweka Jupiter-8 ya Kisovieti kwa kutumia adapta, lakini ajue kwamba lenzi za Kisovieti zilipangwa kwa kipimo kinachotofautiana kidogo na cha Leica, na katika umbali mfupi huweza kukosea. Jaribio la futi ya cherehani litakuambia.

Kuitumia kwenye mwanga wetu

Zoea kutumia kamera hii bila kulenga kila mara. Lenzi ya 35 ikiwa f/8 na umbali umewekwa mita 3, kila kitu kuanzia karibu mita 2 hadi mita 7 kitakuwa kikali vya kutosha, na hivyo ndivyo unavyopita Soko Kuu ukipiga picha bila kusimama mbele ya mtu na kuzungusha pete. Heshima inabaki palepale: anayeuza akuone, mwamkie, uombe.

Kwa ISO 400, jifunze vipimo vitatu kwa kichwa. Juani ni f/16 kwa 1/500. Kivulini barazani ni f/8 kwa 1/250. Migombani, chini ya ndizi na kahawa za miteremko ya Kilimanjaro, anza na f/4 kwa 1/250 na uwe tayari kushuka zaidi. Negativu ya rangi au ya nyeusi-nyeupe husamehe mwanga uliozidi kuliko uliopungua, kwa hiyo ukiwa na shaka ongeza.

Kipaimara ndicho kinachowaangusha wengi wenye M6. Kipima mwanga chake husoma nukta nyeupe iliyo katikati ya pazia la shata, yaani sehemu ya kati ya picha, na katikati ya picha ya kipaimara kuna gauni jeupe. Kamera inaona weupe, inapunguza mwanga, na uso wa mtoto mweusi unatoka kama kivuli chenye meno. Usisome gauni. Nyosha kiganja chako kwenye mwanga uleule uliompata mtoto, kijaze katikati ya fremu, soma, kisha ongeza kituo kimoja, yaani mwanga mara mbili, kwa kuwa kiganja ni cheupe kuliko wastani ambao kipima mwanga kimepangiwa. Kipimo hicho kinatumika sherehe nzima mradi mwanga haubadiliki. Saa sita mchana kivuli cha paji la uso huziba macho, na hapo hakuna kipima mwanga kitakachokusaidia. Waombe familia wasogee kwenye baraza au chini ya mti. Ukitaka kutumia flashi juani kujaza kivuli, kumbuka kwamba Leica hizi hukubaliana na flashi kwa 1/50 au chini ya hapo tu, kwa hiyo juani ni kama hazina.

Mambo mawili hutokana na kukosekana kwa kioo. La kwanza, dirisha halipiti ndani ya lenzi, kwa hiyo unaweza kupiga mkanda mzima kifuniko kikiwa mahali pake na usigundue hadi siku ya kusafisha filamu. La pili ni baya zaidi: hakuna kinachozuia jua lisipenye lenzi na kutua kwenye pazia la kitambaa, na lenzi iliyowekwa kwenye upeo wa mwisho, ikielekea jua, hulichoma tundu kwa muda mfupi sana. Usiiache kamera kwenye dashibodi ya Noah wala mezani ikitazama juu. Unapotembea bila kifuniko, igeuze lenzi itazame chini, na tundu liwe f/16.

Kuweka mkanda kuna ushahidi wake. Baada ya kufunga kamera, kaza kidogo kitufe cha kurudishia filamu hadi uhisi ukinzani, kisha vuta mkono wa kusongezea. Kitufe kikizunguka, filamu inakwenda. Kisipozunguka, fungua uanze upya, hata kama bibi harusi yuko mlangoni.

Filamu na usafishaji

Nyeusi-nyeupe ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza, si kwa ajili ya mapenzi ya kale bali kwa sababu unaweza kuisafisha jikoni. Filamu za rangi hutaka dawa ikae nyuzi 38 za Selsiasi bila kuyumba, ilhali filamu za nyeusi-nyeupe kama HP5 Plus au Tri-X huridhika na nyuzi 20. HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 iliyochanganywa 1+1 (dawa na maji kwa kiasi sawa) huchukua dakika 13 kwa nyuzi 20. Maji yakiwa nyuzi 24, kama ilivyo kawaida Moshi mwezi wa pili, muda hushuka hadi karibu dakika 9, au unaweka chupa ya dawa kwenye beseni lenye barafu. Agiza dawa za unga badala ya za maji, kwa kuwa husafirishwa kwa urahisi. Maji ya miteremko ya Meru yana madini mengi, hasa floraidi, kwa hiyo dawa ichanganywe na suuza ya mwisho ifanywe kwa maji ya chupa, la sivyo negativu itakauka na madoa. Itundike bafuni baada ya mtu kuoga maji ya moto, mvuke ukishatua vumbi.

Kutunza

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, kamera isikae kwenye mfuko wake wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu na kulea kuvu. Chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana na vifuko vya silika jeli kinatosha. Vifuko vikilowa, vikaushe kwa moto mdogo. Ukipanda mlima nayo, shata ya kimakanika haitakudai betri penye baridi ya Kibo, lakini songeza filamu polepole kwa kuwa huwa kavu na hukatika, na ukishuka ndani ya kibanda ifunge kwenye mfuko wa plastiki hadi ipate joto la chumba, ili mvuke utue nje ya plastiki na si ndani ya lenzi. Isipotumika kwa muda, kila baada ya wiki chache ifyatue bila filamu kwenye spidi zote, hasa zile za polepole ambazo mafuta yake huganda kwanza, kisha iweke ikiwa haijavutwa.